Kompyuta ya Chumba cha Damu

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na watoto wote. Sisi huku tu wazima. Mama naye hajambo, presha imetulia tangu alipokubali kumeza dawa bila kuzigombeza kwanza, na anawasalimu sana. Mgongo wako je? Wifi ameniambia bado unajikunja kwenye kile kistuli cha kibandani, unatengeneza simu za watu tangu asubuhi mpaka shingo inagoma kugeuka. Tafuta kiti cha maana, kaka.

Najua utashangaa kupata barua, tena kutoka kwa mtu ambaye hata habari ya kununua sabuni anakutumia kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi. Nimechagua karatasi kwa sababu karatasi haikatwi katikati. Kila nikitaja hospitali kwenye simu, wewe unakumbuka ghafla kwamba una mteja. Leo nakuomba mteja asubiri.

Ile kompyuta kuukuu ya chumba cha kupimia damu bado ipo. Mashine ya vipimo haielewani na kitu kingine chochote. Ukiiletea kompyuta yenye mfumo mpya inanuna, haitoi jibu hata moja. Sasa wale wa seva kuu, kule majibu ya wagonjwa wote yanakotunzwa, wametangaza tena kwamba wanafunga mlango. Kuanzia mwezi ujao hawapokei chochote kilichofichwa kwa njia za zamani, maana siku hizi wadukuzi wanazifumbua wakiwa wanatafuna karanga. Siwalaumu. Nani anataka majibu yake ya damu yasomwe na mtu asiyemjua? Basi nimepewa kazi ileile uliyoifanya wewe miaka mitatu iliyopita: kuzipa kompyuta zetu za kizee usimbaji wa kisasa, ili ziongee na seva bila mtu mwingine kusikia.

Watengenezaji wa mfumo wametoa kiraka cha programu kwa ajili ya matoleo ya zamani, na nawashukuru, kwa sababu wangeweza kutuambia tutupe kila kitu. Lakini tabia yao hawajaacha. Kiraka kinaweka uwezo tu, hakiuwashi. Ukimaliza, skrini inakupongeza kwamba kazi imekamilika, kumbe ndiyo kwanza umefika nusu. Ni lazima uingie mwenyewe ndani kabisa ya mipangilio, uandike mstari wa kuuwasha, halafu uzime kompyuta na kuiwasha upya. Usipofanya hivyo, hakuna wa kukuonya. Kompyuta itaendelea kutuma kwa njia ya zamani, seva itaendelea kupokea, na kila mtu ataona mambo ni shwari mpaka siku mlango utakapofungwa. Wewe ndiye uliyenifundisha haya, lakini acha niyaandike.

Jumanne nilimaliza vyumba vinne, nikabakiza cha damu. Jemadari bado ndiye mkuu wa maabara, na ukali wake haujapungua hata chembe. Alisimama nyuma yangu amekunja mikono, akaniuliza kama safari hii tutamtembeza tena kama siku ile seva ilipoikataa kompyuta yake. Alinikumbusha jinsi alivyopeleka majibu kwa miguu, wodi baada ya wodi, ameyaandika kwa mkono, na jinsi yule mama wa wodi ya uzazi alivyongoja damu kwa muda wa saa tatu kwa kuwa kipimo chake kilikuwa kimekwama humu. Alishukuru kwamba yule mama alipona na mtoto wake. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kwamba kaka yangu alikuwa fundi hodari, ila siku ile alizembea.

Niliondoa mikono kwenye vitufe.

Kaka, hukuzembea. Aliyezembea ni mimi.

Mchana ule wa kuweka viraka, nikiwa msaidizi wako, ulinikabidhi chumba cha damu ili wewe umalizie vyumba vya juu. Nilikiweka kiraka vizuri. Nilipotaka kuendelea, Jemadari alikuwa amepanga mirija yake kwenye mashine, akaniambia nisithubutu kuigusa kompyuta mpaka amalize. Nikamwambia nitarudi. Nikiwa mlangoni, kwenye ile fomu ya kazi, nikatia alama za vema zote tatu: kuweka, kuwasha, kuzima na kuwasha upya. Niliona nitapunguza usumbufu, kwani nilikuwa na uhakika kwamba narudi. Sikurudi. Nilisahau kabisa, na wewe ukasaini chini kwa sababu uliniamini.

Asubuhi ile mlango ulipofungwa, baada ya saa za kutafuta tatizo liko wapi, ulijifungia chumba cha damu dakika chache tu, majibu yakaanza kwenda. Mkuu wa hospitali alipokuja juu, nilisimama nyuma yako nikingoja niulizwe. Hakuna aliyeniuliza, nami nikauchuna. Ulipoachishwa kazi nililia mpaka watu wakanihurumia, wakasema ona dada anavyompenda kaka yake. Halafu wakanipa nafasi yako, nikaichukua. Nilijiambia kwamba wewe mwenyewe unaamini ulisahau, kwa wingi wa vyumba, na kwamba nikisema sasa nitakuumiza bure. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya miaka yote mitatu. Naona aibu kukuandikia haya, lakini ningeona aibu zaidi kuyameza tena.

Nilimaliza kazi ya Jumanne kama inavyotakiwa. Niliandika mstari, nikazima, nikawasha, nikamngoja Jemadari atume jibu moja nikaliona limefika. Halafu nikapanda moja kwa moja kwa mkuu wa hospitali, nikamweleza yote bila kupunguza.

Aliagiza jalada lako liletwe. Alisema hanielewi, kwa sababu maelezo yako yapo, nawe uliyaandika mwenyewe. Akanipa niyasome. Kaka, ni mwandiko wako. Umeandika kwamba chumba cha damu ulikifanya wewe peke yako tangu mwanzo hadi mwisho, alama za kwenye fomu ni zako, na kwamba mdogo wako siku ile hakukanyaga maabara.

Kumbe ulijua. Ulijua tangu pale ulipofungua mipangilio ukakuta mstari haupo. Miaka mitatu nilikuwa nakuficha jambo ambalo ulikuwa umeshalibeba, na kila nilipokuuliza habari za mgongo ulinijibu kwa upole. Nililia mbele ya mkuu wa watu kama mtoto, na safari hii sikuwa nalilia huruma ya mtu.

Sasa sikiliza. Mkuu anadhani nimetunga uongo ili nikusafishe wewe. Amesema ana maelezo mawili yanayopingana, na yako ndiyo yenye saini. Hawezi kuandika barua ya kukuondolea kosa mpaka akusikie mwenyewe, kwa hiyo atakupigia simu Ijumaa. Mimi wanifanye watakavyo, hata wakinitoa nitaondoka. Mama nitamwambia mwenyewe Jumapili, wala usinitangulie. Nakuomba kitu kimoja tu, kaka yangu. Akikuuliza ni nani alikuwa kwenye chumba cha damu siku ile, usinikinge tena. Nitaje.

Nisalimie wifi, umwambie asikugombeze kwa niaba yangu. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka mno. Mungu awalinde nyote, na akupe nguvu ya kuipokea hiyo simu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi wa kompyuta, kwa sasa