Picha ya Nyuma ya Jicho

Bariadi, Simiyu

Dada yangu Zuhura,

Najua umefungua bahasha na macho yako yamekimbilia mwisho wa barua kutafuta nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Rudi huku juu, kaa, chai yako inywe ikiwa ya moto. Sisi huku wote tupo, mvua imetutendea haki, pamba imeota vizuri, na mimi bado nashona, ingawa wateja wanasema suruali zangu siku hizi zinafanana na fundi mwenyewe: fupi na pana kiunoni. Nanyi huko Ujiji mnaendeleaje? Mgongo wako umepoa? Na Shemeji, kile kikohozi kimemwachia, au bado anakitumia kukwepa kwenda sokoni?

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huambiliki. Nikitaja macho tu unasema, "Yangu mazima, nachambua mchele bila taa," halafu unampa Mariamu simu. Barua huwezi kuikatiza. Kwa hiyo shida yangu naitaja mapema, ili hata ukiikunja hapa uwe umeshaisoma: nataka uende hospitali ukapigwe picha ya nyuma ya macho. Sisemi zile herufi za ukutani. Hizo hata mimi nilizisoma zote mpaka mstari wa mwisho nikajisifu. Nasema picha. Mwanao Mariamu ameniambia umelipiga teke jiko la mkaa mara mbili, na mara zote mbili ukamgombeza mjukuu kwamba yeye ndiye aliyeliweka njiani. Usimnunie Mariamu. Nilimbana mwenyewe mpaka akasema.

Sasa nikusimulie kwa nini nimelivalia njuga jambo hili.

Unamjua Kabula, mke wa mwanangu Idi, yule binti wa Zagayu. Kalelewa Kisukuma sawasawa. Hawezi kunisalimia akiwa wima. Hupiga magoti pembeni ya mlango wa duka, huinamisha kichwa, husema "Mwangaluka, baba," kwa sauti ambayo hata sisimizi angemwomba arudie, na hanyanyuki mpaka niitikie. Na wewe unajua jirani yangu ni mashine ya kusaga. Ikianza kunguruma asubuhi, mtu akinitukana namwambia asante.

Basi siku moja nikampita. Ya pili nikampita. Mimi sina habari, nashangaa tu kwamba binti siku hizi haji kusalimia. Siku ya tatu nimebeba mtumba wa vitambaa, nikahisi nimekanyaga kitu laini, nikadhani ni mabaki ya kitambaa, nikaendelea na safari yangu. Ilikuwa ni vidole vyake. Jioni akafunga nguo akarudi kwao. Idi akaninunia, mama yake akaninunia, na mimi kwa ujinga wangu nikawanunia wote wawili nikidhani wamekula njama.

Baada ya siku mbili akaja mkwe wangu, Mzee Masanja, baba yake Kabula. Ni mtu wa ng'ombe na pamba, mrefu, anaongea kana kwamba maneno anayapima. Nikamletea maji, akakataa. Hapo nikajua nina kesi.

"Mkwe," akasema, "binti yangu amerudi nyumbani. Anasema baba wa huku hamtaki."

"Nani amesema simtaki?"

"Vidole vyake vimesema. Umevikanyaga."

Nikaapa sikumwona. Nikamwambia, mzee wangu, macho haya natunga uzi kwenye sindano kwa mara moja, nimwachaje mtu mzima aliyepiga magoti? Akawa ananitazama kama anayetaka kuninunua mnadani.

"Nilikuwa na maksai wa plau," akaanza. "Alikuwa anakanyaga vifaranga. Watu wakasema ana roho mbaya, mchinje. Mimi nikasema hapana. Ng'ombe akimchukia mbwa, anamzunguka au anampiga pembe. Hamkanyagi kama majani. Anayekanyaga hajaona."

"Sasa mimi ni maksai?"

"Maksai alikuwa na kazi nyingi kuliko wewe. Tazama pua yangu."

Nikatazama pua yake. Si pua ya kukosea.

"Usiiache. Kofia yangu iko wapi?"

"Umeipakata."

"Iko juu ya goti lako, mkwe."

Dada, nikatazama chini, nikaikuta kofia imekaa kwenye goti langu la kushoto kama paka. Sikuiona ikitoka mapajani mwake, sikuiona ikipita. Mzee Masanja akaichukua, akaivaa, ndipo akaomba yale maji.

Kesho yake akanipeleka hospitali hapa mjini, mwenyewe, kama anapeleka mnyama kwenye josho. Mimi niliposikia napigwa picha nikavaa lile shati la kola nililoshona kwa ajili ya harusi ya Idi, na kofia ya tarizi. Binti mwenye kamera, mpole sana, akanitazama akasema, "Baba, umependeza, lakini shati halitatokea." Akaniwekea dawa ya kutanua mboni, nikakaa benchi nusu saa dunia yote imekuwa nyeupe kama unga. Kisha akanikalisha mbele ya mashine: kidevu hapa, paji la uso hapa, tazama kile kijitaa cha kijani, usipepese. Mwanga mmoja kama radi, basi. Jicho la pili, mwanga mmoja, basi. Hawakugusi, hawakuchomi. Nimeumia zaidi kwa kinyozi.

Halafu daktari akaniita kwenye kioo. Nikaliona jicho langu kwa ndani. Ni duara jekundu kama chungwa lililoiva mno, mishipa ya damu imetambaa humo kama mizizi, na upande mmoja kuna kiduara kidogo cha rangi ya siagi. Daktari akasema nyuzi zote za jicho, na ni nyingi kupita kiasi, zinakusanyika kwenye kile kiduara na kutoka nyuma kwenda kwenye ubongo. Katikati yake kuna kishimo. Kila mtu anacho. Cha mwenye afya ni kidogo na kina ukingo mnene pande zote. Changu kimepanuka, na ukingo wa juu karibu umekwisha.

Nikamwambia, "Daktari, hilo ni tundu la kifungo lililofumuka."

Akacheka, akasema hajawahi kusikia maelezo mazuri hivyo. Ni kweli lakini, Dada. Uzi wa kupindia ukikatika upande mmoja, tundu linaanza kutanuka, na ukiliacha linakula kitambaa. Akanieleza kwamba jicho hupokea vitu miguu juu, ndiyo maana nyuzi za juu zikifa, huoni tena vilivyo chini. Ugonjwa wenyewe wanauita presha ya macho. Hauumi wala hauwashi. Unaanzia pembeni, katikati unapaacha mpaka mwisho kabisa. Kwa hiyo mtu anatunga uzi, anasoma herufi, anachambua mchele, anasema yangu mazima.

Wakanituma Mwanza kwenye mashine nyingine, ya kupima unene wa zile nyuzi. Ile inatoa karatasi ya rangi: kijani ni salama, njano ni wasiwasi, nyekundu ni hasara. Jicho la kushoto nyekundu ilikuwa imejaa juu. La kulia lina njano nyingi na nyekundu kidogo. Daktari wa kule akasema bila kuzunguka: kilichokufa hakirudi, lakini dawa ya matone inaweza kukilinda kilichobaki, kila siku, maisha yote. Sasa naweka. Siku za kwanza matone yalikuwa yanaishia kwenye masharubu, nadhani masharubu yangu ndiyo yanayoona vizuri kuliko yote hapa Bariadi. Sasa mke wangu ndiye anayeniwekea, na anafurahia mno kuniambia nyamaza.

Kabula amerudi. Nilimfuata mwenyewe Zagayu. Nilikaa kwenye kigoda chao kifupi ili nimwone, nikamwomba anisamehe mbele ya mama yake. Nikamwambia kuanzia leo anisalimie wima, upande wa kulia. Akashika mdomo kama nimemwambia avue nguo. Tumekubaliana atapiga kwanza ubao wa mlango mara mbili, ndipo apige magoti. Wateja sasa wanadhani ndiyo desturi ya duka, nao wanagonga.

Lakini kuna swali moja daktari wa Mwanza aliniuliza, na hilo ndilo lililonikalisha kuandika. "Kwenu kuna aliyepofuka?" Nikasema baba, uzeeni. Akauliza uzee upi. Nikahesabu, nikaona baba alikuwa na miaka michache tu kunizidi mimi leo. Akasema ugonjwa huu hutembea kwenye damu, na kila ndugu wa tumbo moja inabidi apigwe picha. Mimi na wewe ndio tuliobaki.

Kwenye basi la kurudi nilimfikiria baba mpaka Lamadi, wenye samaki wakapanda na makapu yao, sikuwasikia. Nilimkumbuka anavyopiga teke ndoo za maji na sisi tukisema mzee amekuwa mkali. Alivyokuwa akimpita Imamu bila kumpa mkono, mtaa mzima ukasema ana kiburi. Halafu nikakumbuka siku yako.

Nisamehe nikiigusa. Ulikuwa umetoka Tabora, umeshaolewa na Shemeji bila baba kukuoza, umekuja huko nyumbani Ujiji kuomba radhi. Shangazi alikufundisha: kaa sakafuni pembeni ya mlango, jifunike kanga, usifungue kinywa mpaka yeye akuulize. Ukakaa. Alasiri ikaadhiniwa, baba akatoka kwenda kuswali, akakupita. Ulinyamaza kama ulivyofundishwa, na yeye hakusema neno. Ukarudi Tabora na hukuja tena mpaka siku ya mazishi. Miaka yote hii umebeba kwamba baba alikunyima radhi. Nami nilikuwa nimesimama uani, niliona kwa macho yangu, na nimebeba hivyohivyo.

Lakini Dada, alikanyaga kanga yako. Unakumbuka? Ulilazimika kuuvuta upindo kutoka chini ya kiatu chake. Mtu anayekukataa anakuzunguka. Tena mtu anayekwenda msikitini na udhu wake, akimwona mwanamke sakafuni atapita mbali. Baba alikukanyaga kama mimi nilivyomkanyaga Kabula. Hakukuona.

Na kuna jambo sijawahi kukwambia. Siku chache baadaye, tukiwa tunakula, aliniuliza, "Zuhura ndiyo haji kabisa?" Mimi nilikuwa kijana mwenye hasira, nikadhani anakejeli. Nikanyanyuka nikaacha chakula. Hakuuliza tena. Na hakuna aliyethubutu kumweleza kwamba ulikuja, kwa sababu wote tulidhani anajua. Alikuwa anakungoja, Dada. Kosa la kunyamaza ni langu, nimechelewa nalo miaka thelathini, na kwa hilo naomba radhi yako mimi.

Kwa hiyo usiniambie tena habari ya mchele. Nimeshaulizia: kamera hiyo ipo hospitali huko mjini kwenu. Mwambie Mariamu akupeleke asubuhi wiki hii, usiende peke yako maana ile dawa ya mboni itakuacha huoni njia mpaka jioni. Mwambie daktari maneno mawili tu: baba yangu alipofuka, na mdogo wangu amekutwa nao. Nimekuwekea humu nakala ya picha ya jicho langu la kushoto, mwonyeshe. Usiibandike ukutani, sijatoka vizuri.

Msalimie Shemeji na kikohozi chake. Msalimie Mariamu, mwambie mjomba wake bado anamngoja aje kujaribu gauni lake. Yule mjukuu aliyegombezwa, mwombe msamaha kabla hujamfikishia salamu zangu. Bibi Mwajuma, jirani yetu wa tangu utoto, mwambie nakumbuka vitumbua vyake kuliko ninavyomkumbuka yeye. Huku mke wangu anakusalimu, Idi na Kabula wanakusalimu, na Mzee Masanja amesema nikuandikie kwamba ana kofia na yuko tayari kuja Ujiji kama utakataa hospitali.

Nitumie jibu hata la mstari mmoja. Picha ikitoka safi, nitafurahi na utanicheka mpaka sikukuu ya Idi. Ikitoka kama yangu, basi usilie wala usimfiche Shemeji. Mimi naweka matone yangu kila siku baada tu ya swala ya Isha. Weka na wewe saa hiyohiyo. Utakuwa umekaa Ujiji umeinua uso juu, mimi Bariadi nimeinua uso juu, na kwa dakika hiyo moja hakuna atakayeweza kumkatiza mwenzake.

Ni mimi mdogo wako,
Rajabu, fundi cherehani