Neno Nililokataa Kufundishwa

Mama Metrine, pokea salamu kutoka Migori, na ukiona barua hii ni ndefu nivumilie, kwa sababu ni miezi minne sijamfungulia mtu moyo isipokuwa mke wangu, na nikianza sijui nitaishia wapi, ila nakuomba uniambie la kufanya kabla sijaharibikiwa kabisa.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, Mkisii, mke wangu anaitwa Moraa, tuna watoto watatu, na kanisani kwetu Wasabato mimi ni shemasi. Nafanya kazi kwenye godauni moja la mbolea na saruji hapa mjini. Kwa miaka tisa tulibeba magunia kwa mgongo, mimi na rafiki yangu Werema, Mkuria wa upande wa Kehancha, mtu mfupi, mcheshi, ambaye akikuona umechoka anachukua gunia lako bila kusema kitu. Mwaka jana bosi akanunua foklifti, ile mashine ya kuinua mizigo kwa vyuma viwili mbele, akatuambia vitabu vyake ni vya Kiingereza, na chochote kinachohusu mashine kitaandikwa kwa Kiingereza, na asiyepita mtihani wa Kiingereza cha kazi hataigusa. Akaleta mwalimu anayeitwa Liz awe anatufundisha kila Jumamosi asubuhi.

Jumamosi ni Sabato yangu, siingii kazini wala darasani. Werema ni Mkatoliki, akaniambia, "Wewe nenda ukaombe, mimi nitakusomea." Na kweli, kila Jumapili akitoka misa alikuwa anapitia kwangu Oruba na daftari lake, tunakaa mezani, ananieleza yote aliyofundishwa, majina ya sehemu za mashine, uzito, mpangilio wa paleti, zile mbao za kupangia magunia, halafu sarufi. Mama, Werema aliishia darasa la saba na mimi nina cheti cha Form Four, lakini Kiingereza kile kilimwingia yeye na mimi kikanipita. Jumapili moja alinifundisha maneno yanayoisha na "-ed". Akasema, "Ombati, ukiona hiyo mwishoni, jua jambo limeshafanyika. Loaded, gari limeshapakiwa. Checked, kitu kimeshakaguliwa." Nikajaribu kutunga sentensi yangu nikaiharibu, binti yangu Nyatichi aliye Form Two akacheka, Werema naye akacheka, si kwa ubaya, lakini niliumia sana, nikafunga daftari lake kwa kishindo nikamwambia mbele ya mke wangu kwamba mtu wa darasa la saba hawezi kunifanya mtoto ndani ya nyumba yangu.

Alichukua daftari lake. Kisha akasema, "Yamebaki masomo mawili tu. Ukinihitaji niite."

Sikumwita.

Siku ya mtihani niliketi karibu naye, na aliponiona nahangaika akasogeza mkono wake ili nione karatasi. Ndivyo nilivyopita. Tulipita watatu, mimi, Werema na Byron, baba mmoja wa Rodi Kopany. Bosi akaangalia vyeti vya shule akatupa mashine mimi na Byron kwa zamu, Werema akawekwa chini awe wa kuelekeza kwa mikono. Hakulalamika. Alinipongeza mpaka nikaona aibu.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Ilikuwa Jumanne asubuhi, wakati wa kupanda, malori ya mbolea yamefika kutoka Mombasa na yanangoja kushushwa, wakulima wamejaa getini. Byron alikuwa na zamu ya Jumatatu kisha akaondoka kwenda nyumbani, mama yake alikuwa mgonjwa. Kabla ya kuwasha mashine ni lazima dereva asome kitabu cha mashine, ambamo dereva wa zamu iliyopita huandika hitilafu, na kuweka sahihi. Byron alikuwa ameandika mstari mmoja: "Chain worn. Do not lift above two metres until replaced." Nilisoma haraka. Nikaona habari ya mnyororo unaoinua vile vyuma, nikaona mita mbili, na mwishoni nikaona "replaced", na ile "-ed" yake, nikasema moyoni, sawa, mnyororo umeshabadilishwa. Neno "until" sikulijua vizuri na sikutaka kumuuliza Werema aliyekuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Nikaweka sahihi.

Tulifanya kazi kama saa nzima. Nikiwa napandisha mzigo kwenye safu ya tatu, juu ya mita mbili, Werema amesimama pembeni mahali panapotakiwa, ananiambia, "Ongeza kidogo, kidogo tu," mnyororo ukakatika. Paleti ilishuka, ikapinduka, magunia yakamfunika. Tulipofukua tukamfikia kichwa, aliniangalia akasema, "Zima mashine kwanza, asiumie mwingine." Nikakimbia nikazima. Niliporudi hakuwa anaongea tena. Alifariki kabla ya kufika hospitali.

Wenzangu walipokuwa bado wanalia nje, niliingia kuchukua kile kitabu ili nielewe. Nikamwomba Liz, aliyekuwa amekuja ofisini siku hiyo, anieleze maana ya "until", nikamdanganya kwamba ni kazi ya binti yangu ya shule. Akaniambia, "Ni mpaka. Mpaka jambo fulani lifanyike." Mama Metrine, ndipo nilipoelewa. Byron alikuwa amesema mnyororo umechakaa, tusiinue kupita mita mbili mpaka ubadilishwe. Niliingia chooni nikairarua ile karatasi kutoka kitabuni, nikaitia mfukoni.

Walipouliza nikasema hapakuwa na maandishi yoyote. Byron akafukuzwa kwa kutotoa habari za mnyororo. Alinipigia simu akaniuliza, "Kaka, si niliandika? Hukuona?" Nikasema sikuona kitu. Nasikia siku hizi yuko Macalder anachimba dhahabu. Na kwenye mazishi mtu aliyetumwa na bosi alisimama akasema marehemu alisahau mafunzo akasimama chini ya mzigo. Mimi nilikuwa nimebeba jeneza, nikanyamaza.

Mwezi uliopita mke wa Werema, Phelesia, alikuja kwangu na lile daftari. Hasomi Kiingereza. Akaniambia, "Shemeji, nisomee kurasa za mwisho, nataka kujua alikuwa anajifunza nini." Nikafungua. Somo la mwisho kabisa lilikuwa "until", ameliandika kwa herufi kubwa, na chini yake ameweka, "Nimweleze Ombati, hii ni muhimu kazini." Nilimsomea kurasa nyingine. Ile sikumsomea. Akaniuliza, "Wewe ndiwe uliyekuwa karibu naye. Ni kweli alifanya uzembe? Kwa sababu nyumbani alikuwa akisoma mpaka ananichosha, na watoto wanaambiwa shuleni baba yenu alijiua kwa ujinga." Nikamwambia ajali ni ajali.

Karatasi iko ndani ya Biblia yangu. Moraa anasema niichome, kwamba Werema hatarudi na mimi nikifungwa watoto watakula nini. Na sasa bosi anataka niwafundishe wapakiaji wapya Kiingereza cha mashine kwa sababu nina uzoefu. Silali, sili, kanisani nikipitisha mkate mimi mwenyewe siugusi. Je, nikisema sasa nitakuwa nimemsaidia nani?

Ombati, Migori
(Majina yote yamebadilishwa.)

MAMA METRINE ANAJIBU

Ombati, nimesoma barua yako mara mbili na nimekulilia, kisha nikakukasirikia, na yote mawili utayapata hapa.

Pole kwa rafiki yako. Umempoteza mtu ambaye hukupata mwingine kama yeye kwa miaka tisa, na hata kumlilia hujamlilia, kwa sababu kila ukitaka kulia unaiona ile karatasi.

Kutojua neno la Kiingereza si dhambi. Mimi mwenyewe nimefanya kazi ya kuandika miaka ishirini na bado kuna fomu zinazonishinda. Na huyo bosi wako ana la kujibu. Mahali ambapo watu wanaongea Kijaluo, Kiswahili, Kikuria na Kikisii, yeye anaamuru onyo la hatari liandikwe kwa lugha moja ambayo wengi wanaisoma kwa kubahatisha, tena anaachilia mashine yenye mnyororo mbovu ilale ikingoja kazi ya kesho. Ungeonywa kwa Kiswahili, Werema angekuwa hai. Hilo lisemwe wazi, na nalisema.

Lakini usijifiche nyuma ya bosi. Uliweka sahihi chini ya maneno usiyoyaelewa, na mtu wa kukueleza alikuwa hatua tatu kutoka kwako. Kiburi chako ndicho kilichoshindwa kuzivuka. Hata hivyo, hiyo ilikuwa dakika moja ya asubuhi yenye haraka, na binadamu hukosea kwa dakika moja. Miezi hii minne si ya haraka. Kila siku umeamka na ukachagua tena. Byron uliyemwambia hukuona kitu ana watoto pia, nao wanakula nini? Mwambie Moraa nimeuliza, na umwambie kwa upole, kwa sababu hofu yake ni ya mama na siidharau.

Unauliza utakuwa umemsaidia nani. Watoto wa Werema, Ombati. Wanaambiwa baba yao alikuwa mjinga, na wewe peke yako duniani una ushahidi kwamba alikuwa amesimama mahali pake.

Sasa fanya hivi. Usiichome karatasi wala usiikunje tena. Tafuta wakili, yuko hata wa msaada wa kisheria usio wa malipo, mweleze yote usibakize, kisha aende nawe kwa ofisa wa kazi wa kaunti mkaikabidhi. Siku hiyohiyo nenda kwa Phelesia, asije akasikia kwa watu. Usiende na mchungaji wa kukusemea, wala kilo mbili za sukari. Msomee ule ukurasa uliouruka. Mwambie ulichofanya kwa maneno mafupi, na usimwombe msamaha siku hiyo, maana utakuwa unamtwika kazi nyingine akiwa bado amekaa kwenye matanga ya moyo wake. Akikufukuza, ondoka. Kisha panda gari uende Macalder, umtafute Byron machimboni umwambie ana kwa ana. Kazi ya kufundisha ikatae, na uandike kwa nini.

Sitakudanganya kwamba hutapoteza kitu. Kazi utapoteza, pengine utashtakiwa. Ushemasi uuweke chini mwenyewe kabla hawajakuvua. Gazeti hili linatoka Jumatano. Ijumaa jua lisizame hujafika kwa ofisa wa kazi.

UJUMBE ULIOTUFIKIA WIKI TATU BAADAYE

Mama Metrine, nimekwenda kwa ofisa wa kazi na karatasi nimeikabidhi. Kazi sina, kesi bado haijulikani. Byron nilimpata, alinipiga kofi mbele ya watu, kisha akakaa chini akashika kichwa. Ameitwa arudi kazini lakini amesema atafikiria.

Phelesia alinisikiliza nikimsomea ule ukurasa na kumweleza yote mpaka mwisho. Hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza kama Werema aliumia kwa muda mrefu, nikamwambia ni dakika chache. Akaingia ndani akafunga mlango. Nilikaa pale nje sijui ni muda gani, mpaka mama mkwe wake, mama mzazi wa Werema, akatoka akaniambia, "Mwanangu, nenda nyumbani. Leo hawezi."