Pasi Iliyoniponyoka

Kutoka safu ya "Muulize Lorraine", gazeti la kila wiki la Tarrow, Ohio

Mpendwa Bi Lorraine,

Naomba msaada wako kuhusu jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata babu yangu ninayeishi naye, na sijui kama linafaa kwenye safu yako maana wengi wanaokuandikia wana matatizo ya ndoa, lakini nimetafuta maktaba nzima sikupata kitabu kinacholizungumzia, kwa hiyo nakuambia wewe: ile pasi ya Ijumaa iliyotupa ushindi, sikukusudia kuirusha kule.

Mimi ni mrushaji wa akiba wa timu ya shule. Kama hufuatilii mpira wa Kimarekani, mrushaji ndiye anayeshika mpira kila tunaposhambulia na kuamua aupe nani. Mrushaji wetu wa kwanza ni Wade Hruska, yuko mwaka wa mwisho, na kwa misimu miwili yeye amecheza na mimi nimekaa benchi, mahali ninapopapenda kwa sababu hakuna anayekuuliza kitu. Ijumaa mvua ilikuwa inanyesha, tuko nyuma kwa alama nne, muda unakwisha, Wade akateguka kifundo cha mguu, na Kocha Stallard akanishika kofia ngumu ya mchezo kwa mikono miwili akasema, "Rusha nje ya uwanja, upande wa kushoto, saa isimame, tupange upya. Usifanye kingine chochote." Nikaangalia kushoto, nikavuta mkono, mpira ukaniponyoka kama sabuni ukaenda katikati ya uwanja, na katikati hapakutakiwa kuwa na mtu, ila Cody Mabry alikuwepo kwa sababu alikuwa amesahau mpango, akaudaka, akakimbia nao hadi mwisho wa uwanja, alama sita, tukashinda.

Kesho yake babu alinipeleka kwa Lonnie kinyozi, ingawa nilikuwa nimenyolewa wiki ile ile.

"Mliona macho yale?" Lonnie alisema, mkasi hewani. "Kaangalia kushoto, mabeki wote wakaenda kushoto kama kondoo, yeye pap! kati. Hilo halifundishwi. Unazaliwa nalo."

"Wade naye ni mzuri," mzee mmoja akasema.

"Mzuri kama supu ya hospitali, bwana. Nani aliwahi kuomba aongezwe?"

"Wade katushindia mechi sita!"

"Na huyu kashinda kila mechi aliyocheza."

Nimecheza moja, na sikumaliza hata dakika.

"Hebu tuambie, kijana," Lonnie akaniuliza, "ulijuaje Cody atakuwa pale?"

Nikasema sikujua. Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa. "Hasemi!" wakasema. "Siri ya jikoni hiyo!"

Sasa nyumba nyingi za mtaa wetu zimesimamisha vibao vyenye jina langu kwenye nyasi za mbele, kana kwamba nagombea umeya, na wazee wa kamati ya mashabiki wamekwenda kumwona Kocha wakitaka nianze mimi Ijumaa hii. Kifundo cha Wade kimepona. Na Ijumaa hii anakuja mtu wa chuo kumtazama Wade, kwa ajili ya ufadhili, na Wade hana njia nyingine ya kwenda chuo, wakati mimi naweza kwenda kwa alama zangu za darasani. Akikaa benchi, yule mtu atatazama nini? Kocha atatangaza Alhamisi. Nikisema ukweli, itakuwaje kwa babu? Tangu bibi afariki alikuwa hatoki ila kanisani na dukani, na sasa kila asubuhi anavaa koti anakwenda kwa Lonnie kunitetea, anarudi amechangamka, anakula. Nimefikiria kuugua. Nimesoma kwamba surua humlaza mtu wiki nzima na zaidi, ila nimechanjwa. Nifanye nini?

Mimi, Mwenye Haya

*

Mwenye Haya,

Nakujibu kwa posta kwanza. Gazetini itatoka Ijumaa ikishapita, kwa sababu mji huu una mrushaji wa akiba mmoja tu, na jina la bandia lisingekusaidia kitu.

Pili, usinifundishe mrushaji ni nani. Nimekaa kwenye ngazi za uwanja ule tangu mama yako hajazaliwa, na marehemu mume wangu alifundisha mabeki. Ile Ijumaa nilikuwepo. Nilikuona uso baada ya pasi. Mtu aliyefanya ujanja hashangai vile.

Nakuhurumia. Umevikwa kilemba cha ukoka na watu wazima wenye akili zao, na kukivua mbele yao si kazi ndogo kwa mtu anayependa kukaa pasipoulizwa kitu. Lakini huruma yangu inaishia hapo. Umekaa kimya ukauita unyenyekevu. Ungekuwa unyenyekevu kama ungekugharimu wewe. Huu unamgharimu Wade.

Mashabiki usiwaogope wala usiwalaumu. Mrushaji wa akiba hupendwa kila mji, kwa sababu hajapata nafasi ya kukosea. Ukianza Ijumaa, Jumamosi watakuwa wanamtaka kijana wa darasa la chini yako.

Sasa sikiliza. Kesho kabla ya mazoezi nenda kwa Kocha. Makocha hutazama video ya mechi mpaka macho yanawauma. Simulizi yako haitampa habari mpya, ila itampa mtu wa kusimama naye. Ukitoka hapo nenda kwa Wade, peke yako, usimtume mtu wala simu. Kisha babu yako, na umwambie wewe kabla hajaambiwa na kinyozi. Babu yako amezika mke, kijana. Pasi haitamuua. Na usithubutu kumfanya yeye kisingizio cha uoga wako.

Surua iache.

Lorraine

*

Mpendwa Bi Lorraine,

Umesema utazichapa barua zetu, basi naomba uongeze na hii.

Nilikwenda kwa Kocha. Alikuwa anakula mkate wa nyama ofisini kwake. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni.

"Najua," akasema. "Nimekutazama kwenye video. Mpira ulipokutoka ulifumba macho."

"Mbona hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Wakasema nambeba Wade." Akafuta haradali kidoleni. "Wewe ungewaambia, lingekuwa jambo lingine."

Wade nilimkuta akifunga bandeji kwenye kifundo. Nilipomaliza akasema, "Nimekuwa nafanya mazoezi ya macho mbele ya kioo wiki nzima, we mjinga. Nilidhani ulikifanya kweli kile kitu." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Baba hapiti tena mtaa wenu. Anazunguka, asione vile vibao." Nikamwomba radhi. Akasema nimpe bandeji nyingine.

Babu nilimwambia jikoni. Aliuliza swali moja tu: "Lonnie umemwambia?" Nikasema bado. Akavaa koti.

Kwa Lonnie nilisema mbele ya watu wote. Sijawahi kuzungumza mbele ya watu wengi vile, na sauti yangu ilikatika mara mbili. Nilipomaliza Lonnie akapiga makofi.

"Mnaona? Hata sifa hataki! Kamwachia mwenzake!"

"Moyo wa bingwa huo," mwingine akasema.

Babu akainuka kitini akiwa na shuka la kinyozi shingoni. "Kasema ukweli, wapumbavu nyinyi! Mimi ndiye niliyemlea. Mtoto huyu hawezi kudanganya hata kuku, sembuse mabeki wanne. Mpira ulimponyoka. Na mimi nimewapigia kelele siku zote hizi kwa ajili ya kuponyoka." Hakuna aliyecheka. Aliketi, akamwambia Lonnie amalizie upande wa pili. Tukarudi nyumbani, na chakula cha jioni hakukigusa. Hilo nilikuwa nimeliogopa, na likatokea.

Alhamisi Kocha alitangaza Wade. Ijumaa Wade alianza vibaya, akarusha mara mbili mikononi mwa wapinzani, na watu ambao hawakuwa kwa Lonnie siku ile wakaanza kuita jina langu, kisha hata baadhi ya waliokuwepo. Kocha akanigeukia.

"Mwache aendelee, Kocha," nikasema. "Beki wao wa kulia anachelewa kugeuka. Wade hamwoni kwa sababu ana hasira."

"Kamwambie mwenyewe."

Nikaenda hadi alipokuwa ameketi, jina langu likiitwa nyuma ya mgongo wangu, nikapiga magoti nikamwambia. Alikunywa maji, akamtazama yule beki kwa muda, akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia akarudi uwanjani. Mpira uliofuata aliurusha upande ule, na Cody safari hii aliukumbuka mpango.

Tulishindwa kwa alama tatu. Yule mtu wa chuo alibaki hadi mwisho, na nilimwona akizungumza na Wade na baba yake karibu na lango la kutokea, kwa muda mrefu. Sijui walisema nini, na sikuuliza. Nilikusanya chupa za maji, nikapanda ngazi kumtafuta babu. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa amesimama uso kwa uso na Lonnie, mkono mmoja hewani, anamtetea Wade.