Akina Mama Walipokwenda Pugu

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
18 Julai, 1976.

Mpendwa Dada Candida,

Shikamoo. Nakuandikia Jumapili mchana, nimetoka misa na nimekaa barazani kwa mwenye nyumba wangu, nikitumaini kwamba barua hii itawakuta wewe na shemeji Filbert mkiwa wazima. Je, baridi ya Songea imekuachia kile kifua? Uliniandikia kwamba unakohoa na bado unakwenda zamu. Muuguzi ni wewe, sina haki ya kukufundisha kazi yako, lakini nakuomba ujihurumie kama unavyowahurumia wagonjwa wako. Na Pantaleo je, ameshaachia kiti na kutembea mwenyewe? Mbusu kwa niaba yangu, hata kama atakataa.

Mimi sijambo. Homa ya Mei ilinishika siku chache ikaniacha. Habari za nyumbani Kibosho naletewa na Gaudens, yule mtoto wa jirani yetu, ambaye siku hizi ni dereva wa lori la shirika moja hapa mjini. Anasema mama hajambo, mama mkubwa Agnesi hajambo, kahawa imezaa vizuri, na wote wawili wanauliza kwa nini mabinti wao wanaojua kuandika hawaandiki. Sukari hapa ni ya kupanga foleni, ila samaki wa Feri hawajatupungukia, na kwa hiyo hatulalamiki sana.

Uliniuliza kama somo langu la mazoezi ya viungo limeshapata heshima shuleni. Nina furaha kukujibu, ingawa jibu lenyewe si fupi.

Unakumbuka kwamba tangu nitoke chuo kikuu cha Mlimani nafundisha jiografia na mazoezi ya viungo katika sekondari hii ya wasichana. Mkuu wetu, Bi Severa, ni mtu mwema lakini hapendi kuona saa ya shule ikipotea. Mwanzoni mwa mwaka aliniambia kwamba vipindi viwili vya kukimbia uwanjani kila wiki anaviona kama mapumziko, na bustani ya mboga haina mikono ya kutosha. Nikamwomba nafasi moja. Nilitaka kuwapeleka wasichana wa kidato cha pili kwenye milima ya Pugu, wapande, wapite msituni kwa ramani na dira, wavute kamba, walale usiku mmoja katika mahema ya kuazima kwa maskauti. Alikubali kwa masharti mawili: safari iwe na kazi ya mikono, kama Elimu ya Kujitegemea inavyotutaka, na wazazi waridhie. Wazazi wakikataa, vipindi vyangu vitakwenda bustanini. Kwa hiyo, dada, kilichokuwa mashakani hakikuwa safari peke yake.

Niliandaa kila kitu kwa uangalifu, au ndivyo nilivyodhani. Gaudens alipata ruhusa ya kutusaidia kwa lori. Wasichana niliwaagiza wawaambie wazazi kwamba kila mmoja aje na blanketi, sahani na jembe, na kwamba lori litafika shuleni alfajiri.

Jioni ile ile mtaa ulichafuka. Nilirudi nyumbani nikamkuta Bi Mwanamkuu, mwenye nyumba wangu, ananisubiri mlangoni. Mjukuu wake, Sikudhani, ni mwanafunzi wangu. Ni msichana mpole sana ambaye darasani huwezi kumtoa neno. Bibi hakunikaribisha chai kama kawaida yake.

"Mwalimu, mwanangu," aliniambia, "lori la alfajiri, blanketi, sahani, jembe. Ungekuwa wewe ndiye bibi yake, ungefikiri anapelekwa wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa miezi kadhaa sote tumekuwa tukiona vijana wasio na kazi wakikusanywa hapa mjini na kupakiwa kwenye malori kwenda kulima vijijini. Nilikuwa nimelijadili jambo hilo na walimu wenzangu, kwa hoja za pande zote mbili, na nikajiona mtu mwenye busara. Lakini haikunijia hata mara moja kwamba lori langu mimi litafanana na yale. Pengine ni kwa sababu kwetu Kibosho mlimani mtu hupanda kukata majani ya ng'ombe na jioni akarudi. Au pengine natafuta udhuru tu.

Bi Severa aliitisha mkutano wa wazazi. Nilisimama nikaeleza madhumuni ya safari: afya ya mwili, moyo wa ushirikiano, kujitegemea, kuijua nchi yetu. Nilieleza kwa utaratibu mzuri, na kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kufanana na wale waliokuja kuwaeleza vijana habari za vijijini. Mama mmoja alimwuliza mwenziwe, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, kama huyu ni mwalimu au ni katibu kata. Watu walicheka, nami nikaketi.

Aliyeniokoa ni Bi Mwanamkuu. Alisimama taratibu, akakaza kanga yake, akasema:

"Lori halina tiketi ya kurudi. Treni inayo. Watoto waende Pugu kwa treni, na sisi mama zao twende nao. Masufuria ndiyo yapande lori, hayo hayana mama wa kuyalilia."

Bi Severa aliuliza habari ya majembe, kwa kuwa sharti la kazi lilikuwa pale pale.

"Tutalima sisi. Watoto si wanakwenda kucheza? Basi wacheze."

Nilimwona mkuu wetu akijizuia kucheka na kushindwa. Mkono mmoja mmoja ukanyooka, mpaka wote. Jambo moja tu walilikataa kabisa, nalo ni kulala msituni. Nililiacha kwa huzuni, maana mahema nilikuwa nimeshayaazima.

Tangu saa ile safari haikuwa yangu tena. Akina mama waliipanga kama wanavyopanga arusi: nani alete mchele, nani nazi, nani akune, nani asonge. Walinunua kanga za sare. Mimi na dira yangu nilipangiwa kuleta chumvi.

Tuliondoka Jumamosi ya wiki iliyopita. Behewa letu lilijaa nyimbo hata abiria mmoja akauliza bibi arusi yuko wapi. Mama mmoja akanionyesha mimi. "Ndiye huyu mwalimu," akasema, "bwana arusi anamsubiri msituni na ramani." Wanafunzi wangu walicheka mpaka machozi yakawatoka, na hadhi yangu ya ualimu niliiacha njiani kabla hatujafika.

Kijiji cha karibu na kituo kilitupokea vizuri. Akina mama walishuka katika shamba la muhogo la kijiji, nasi tukaanza kupanda. Ndani ya msitu njia iligawanyika, na nakiri kwamba ramani yangu na macho yangu havikukubaliana. Nikiwa bado nasita, Sikudhani aliomba dira. Aliigeuza, akaangalia, akaonyesha kwa mkono, akatangulia bila kungoja jibu. Nilimfuata. Alikuwa amesikiliza kila kipindi. Ni mimi niliyedhani kwamba asiyesema hasikii.

Kule juu tuliiona bahari kama utepe, na mji wetu wote ukiwa mdogo tu mbele yake. Wasichana walipiga kelele wajue kama mama zao watasikia. Mama zao wakasikia, wakajibu, kisha wakawaachia wawili kati yao masufuria, wengine wakaona hakuna sababu ya kubaki bondeni. Tuliwaona wakipanda, kanga zimekazwa, majembe mabegani. Bi Mwanamkuu alikaa chini kila baada ya hatua chache, na kila mara alieleza kwamba hajachoka, anaangalia nchi.

Tukavuta kamba, mama kwa mabinti. Nilikuwa nimeandaa sheria na filimbi. Akina mama hawakuingoja filimbi, wakashinda mara mbili.

"Mnafundishwa nini huko shule," mmoja aliwauliza, "kama kwa kamba hii mnashindwa na wazee?"

Wasichana walidai mara ya tatu. Safari hii Sikudhani aliwapanga: mzito nyuma kabisa, visigino ardhini, wote wavute kwa sauti moja, kama nilivyowaonyesha uwanjani. Mama zao walianguka chungu nzima, wakicheka kiasi cha kushindwa kuinuka. Bi Mwanamkuu anashikilia hadi leo kwamba aliiachia kamba kwa hiari kwa sababu alisikia harufu ya pilau.

Jioni tuliambiwa kituoni kwamba treni imechelewa njiani na haijulikani itafika lini. Lori la Gaudens lilikuwa pale, masufuria yameshapakiwa. Nilijitia kuwahesabu wasichana. Bi Mwanamkuu aliliangalia, akamkabidhi Gaudens mkoba wake.

"Nishike mkono, baba, unipandishe. Na ukipinda kwenda kwingine, kwenu nimeshaambiwa ni wapi."

Wakapanda wote. Tulipoingia Mtaa wa Msimbazi, watu walitoka barazani wakasimama wakiliangalia lori lile lenye watu na majembe. Kisha mtu akazitambua sauti, vigelegele vikaanza. Hamis, fundi cherehani na jirani yetu, alisema hajapata kuona lori likirudisha watu mtaani. Nilicheka pamoja na wengine, ingawa maneno yake bado nayafikiria.

Jumatatu Bi Severa aliniita ofisini. Usiku nilikuwa nimejiandaa kujitetea, na utetezi wenyewe haukuniridhisha. Nilikusudia kuwafundisha wasichana kujitegemea, nao siku nzima wakapikiwa, wakalimiwa na kuimbiwa na mama zao. Sijui kama hilo laweza kuitwa mazoezi ya viungo. Najua tu kwamba sijawahi kuona watu wengi wakifurahia miili yao namna ile, wazee kwa vijana, bila mtu kuwaamuru.

Sikupata nafasi ya kusema hata kidogo. Bi Severa aliniambia kwamba akina mama walimfikia kabla yangu, na hawakuja kuomba ruhusa; walitaka kujua kidato cha kwanza kinakwenda lini, na mara hii wanaleta mablanketi.

"Vipindi vyako vibaki," akasema. "Bustani nitaitafutia mikono kwingine."

Nilishukuru, nikawa natoka. Nilipofika mlangoni aliniita tena. Alikuwa anaangalia dirishani, akapanga penseli zake, ndipo akaniuliza kama mtu asiye na binti naye huruhusiwa kwenda.

Nimemwambia alete chumvi.

Msalimie sana shemeji Filbert, na wauguzi wenzako walionipokea vema nilipokuja mwaka juzi. Bi Mwanamkuu, ambaye ameketi hapa kando yangu na kuniuliza kila mara nimeandika nini juu yake, anakusalimu na anakualika uje uvute kamba. Mungu akulinde katika zamu zako, akiponye kifua chako, na amkuze Pantaleo katika afya na furaha.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukukumbuka kila siku,

Josepha