Senge, Wameanza Kuita Ng'ombe Wao

Mpendwa Senge Tabutany, dada ya baba yangu,

Huko uliko nadhani hakuna redio, maana ingekuwepo ungekuwa umeshatuma mtu aje kuniuliza maswali. Basi wacha nikuambie mwenyewe. Wakubwa wa dunia wamenuniana tena. Huyu amekataza mashine za yule, yule amefukuza balozi wa huyu. Wanafunzi wanarudishwa makwao, viwanda vinahamishwa, na kila nchi ndogo inashikwa shati na kuulizwa, "Wewe uko upande gani?" Meli za kubeba chai yetu zinazunguka njia ya mbali kwa kuogopa makombora, na majani tuliyochuna kwa migongo yetu yamelala ghalani kama mgonjwa. Nayasoma haya kwenye simu, na kila nikisoma nakukumbuka wewe na jikoni kwako.

Unakumbuka kile kitabu cha historia kisicho na jalada? Nilikiokoa kwa mwenye duka aliyekuwa akifungia watu chumvi kwa karatasi zake. Mwanzo wote ulikuwa umeshaenda na chumvi, kwa hivyo elimu yangu ya dunia inaanzia katikati, pale vita vya kwanza vya Wazungu vinapokaribia. Nilikusomea wewe ukichagua maharagwe. Nikakueleza kwamba mrithi wa ufalme fulani alipigwa risasi. Ufalme ukakasirikia nchi ndogo jirani. Ile ndogo ilikuwa na rafiki mkubwa, ufalme nao ulikuwa na rafiki mkubwa, na kila rafiki alikuwa na rafiki. Wote walikuwa wameahidiana: ukiguswa wewe, nimeguswa mimi. Kabla ya maharagwe kuiva dunia nzima ilikuwa inapigana.

Ukaacha kuchagua. "Hiyo ndiyo vita aliyoenda baba yangu mdogo?"

Ndiyo, Senge, ndiyo hiyo. Yule ndugu ya baba yako aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi mpaka Tanganyika, asirudi.

"Na huyo kijana alipigiwa risasi wapi?"

"Sarajevo."

"Ni mbele ya soko la Longisa?"

"Mbele sana, Senge."

"Tulikuwa na ng'ombe huko?"

"Hapana."

"Basi baba mdogo alienda kutafuta nini?"

Nimesoma magazeti mengi tangu siku hiyo, hata yale ya kufungia nyama, na sijaona mtu wa kukujibu.

Wewe mambo ya nchi na nchi uliyapima kwa kimanagan. Vijana wa leo wakisikia neno hilo wanadhani ni dawa ya kupe. Lakini ulivyonifundisha ni hivi: ng'ombe wako wasikae wote bomani kwako. Mpe rafiki wa mbali mmoja amtunze, anywe maziwa, na wewe utunze wake. Ugonjwa ukiingia kwako, una mwingine kule. Na siku watu wakikuita mwende mkachome boma la huyo rafiki, utakumbuka ng'ombe wako amelala ndani.

Nilibishana na wewe, kama kawaida yangu. Nikakwambia wale wafalme walikuwa ndugu wa damu, walioleana mabinti, waliuziana kila kitu. Ng'ombe walikuwa wamejaa kwenye maboma ya wenzao, na bado walichinjana. Nilidhani siku hiyo nimekushika.

Hukuinua hata kichwa. "Angalia vizuri kwa hicho kitabu chako. Kabla ya vita, hawakuanza kurudisha?"

"Kurudisha nini?"

"Weri, kijana wangu, mtu akitaka kupigana haanzi kwa kunoa mkuki. Mkuki kila mtu anao. Anaanza kwa kwenda kuchukua ng'ombe wake, na anaenda akicheka, akisema ni nyasi tu zimekuwa kidogo."

Nilikuita mzee wa hadithi. Nisamehe. Sasa nikisoma kwamba fulani ameita viwanda vyake nyumbani, na mwingine ameita dhahabu yake, na wote wanasema ni mambo ya kawaida tu, nasikia zile nyasi zako.

Lakini sikushika kalamu kwa sababu ya wakubwa wa mbali. Hata huku kwetu, Senge, tumepata wakubwa wawili. Ulipokufa ulituacha na amani, tukaimaliza kama sukari.

Unawajua wote wawili. Kuna yule mwenye trekta wa ng'ambo ya mto, na kuna mwalimu mkuu mstaafu wa upande wetu. Wanagombania kituo cha kupimia majani, kijengwe upya wapi na kiongozwe na nani. Mwenye trekta akavuta watu wake: walioolewa kwake, wanaolimiwa naye, wanaosali naye. Mwalimu akavuta wanafunzi wake wa zamani, ambao ni sisi wote tulioonja kiboko chake. Kwenye mkutano mtu alisukumwa akaangukia kapu la majani. Ni hilo tu. Alisukumwa, hakuumia. Lakini kufika Jumapili vijana wa pande zote mbili walikuwa wanasema habari ya rungu.

Na Joel yuko ng'ambo ile. Joel wangu, ambaye nilimng'oa jino tukiwa vijana, kwa sababu ya mpira. Siku ile wenzetu wa huku na wenzake wa kule walikuwa tayari kupigana wote. Wewe hukuja kuamua nani ana makosa. Ulivusha mto mtamba wako wa kahawia, ukamwambia mama yake Joel, "Kaa na huyu." Mama yake naye hakuwa mjinga, wiki iliyofuata akakuletea wake. Watoto wa watoto wa wale ng'ombe wako mpaka leo, wangu kwa Joel, wake kwangu. Mimi na Joel hatuna ugomvi hata wa kuku. Lakini dada yake ameolewa kwa mwenye trekta, na mimi mwalimu amenisomeshea watoto wanne. Hivyo tukajikuta maadui, kila mtu kwa heshima ya mtu mwingine.

Mwalimu aliniita kando. "Huwezi kuwa na sisi mchana na ng'ombe wako analala kwa adui."

Nyumbani, mke wangu Rachel naye: "Nimesikia Joel anakuja kuchukua wake. Wewe kaa hapo na magazeti. Wetu watasema alikufa na homa."

Senge, mimi niliyekusomea historia nilichukua kamba. Jumamosi asubuhi nikashuka mtoni, nimejiandalia na maneno: nyasi za huko zimekuwa kidogo. Kwenye mawe ya kuvukia nikakutana na Joel akija upande wangu. Naye ana kamba.

"Unaenda wapi?" akaniuliza.

"Na wewe?"

"Nilisikia unakuja kuchukua wako."

"Mimi nilisikia wewe ndiye unakuja."

"Nani alisema?"

"Wanawake. Na wewe uliambiwa na nani?"

"Shemeji yangu wa trekta."

Ungedhani tulicheka. Hatukucheka. Tulisimama majini, wazee wawili wa miaka sitini na zaidi, kila mmoja akiangalia mkono wa mwenzake.

"Basi rudi," akasema.

"Rudi wewe kwanza."

"Nikikupa mgongo utavuka."

Na kweli, ningevuka. Nakuambia wewe tu. Hapo ndipo nilipoelewa ile historia kuliko nilivyoielewa nikiisoma. Hakuna aliyetaka. Kila mmoja alikuwa anajikinga tu.

Magoti ndiyo yalituokoa, maji ya asubuhi ni baridi. Nikaketi kwenye jiwe. Akaniangalia sana, kisha naye akaketi. Halafu akauliza, "Wangu ana mimba bado?"

"Miezi saba. Anakula vizuri."

"Wako amezaa juzi. Jike."

"Joel! Na hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuja kukunyang'anya wangu. Ningekuambia saa ngapi?"

Hapo ndipo tulipocheka, mpaka mama mmoja aliyekuwa anateka maji akatuombea.

Kila ng'ombe amebaki alipo. Nisikudanganye kwamba mambo yameisha. Mwalimu hanisalimii, na Joel kwao wanamwita msaliti. Sisi ni watu wadogo, hatuwezi kuzuia wakubwa kununiana. Ila nimeona kwamba mkubwa hapigani kwa mkono wake, anapigana kwa mkono wa aliyemwahidi. Mimi mkono wangu nimeurudisha.

Jumatatu kuna kura ya kituo. Mimi nimeonywa nisiende, na Joel ameonywa asiende. Tumekubaliana kwenda pamoja na kuketi benchi moja katikati, ili mwenye kutaka kuanza aanze na sisi. Naogopa, Senge, sikufichi. Joel pia anaogopa, aliniambia. Tutakutana mapema, tutembee polepole.

Lala vizuri, mama yangu wa pili.

Ni mimi mtoto wa ndugu yako, bado mbishi