Miaka Yangu Mbele ya Meneja

Shoga yangu, hoteli nzima hakuna anayenishinda kupiga pasi mashuka. Walionishinda waliachishwa kazi mwezi uliopita.

Nimejifungia kwenye chumba cha kufulia, naandika harakaharaka. Nivumilie maandishi.

Wageni hawaji, unajua. Leo meneja mpya anatuita mmoja mmoja: aliyevuka sitini, kwaheri. Na bonde zima hili kazi ni hoteli tu! Nikitoka hapa nile nini, mawe?

Akaniuliza, "Bibi, una miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili, mwanangu. Jua la kuanikia nguo ndilo limenizeesha."

Hamsini na mbili! Nimesema bila kupepesa macho, mwenzangu. Akacheka. Akashika kalamu aniandike wa kubaki.

Mara mlango huo, wazi, bila hodi. Mdogo wangu, yule mtunza bustani, waliyemwachisha kazi asubuhi kwa kuwa na miaka sitini na tatu.

"Dada, na wewe wamekutoa?"

Meneja akaweka kalamu chini. "Huyu ni dada yako?"

"Dada mkubwa," akajibu yule mpumbavu kwa fahari, "ndiye aliyenibeba mgongoni."