Askari Bomani kwa Mama Leonida

Kendu Bay, 3 Julai 2025

Nyarangi mwanangu,

Hamjambo huko Migori? Mume wako anakula? Mimi mwili mzima. Barua hii anakuletea Marcella, muuza samaki, akija kuuza omena, kwa sababu simu yangu imechukuliwa.

Jumatatu askari wanne walisukuma geti wakaingia. Nikawauliza, "Nani amewafungulia? Mko na kibali cha korti?" Mkubwa wao akajibu, "Tunamtaka kijana wako Willis. Ile video aliyopiga ya askari akichapa mwanafunzi imetuaibisha." Walipindua vitanda, wakamwaga mahindi ya mbegu. Nikadhani wataenda. Kumbe wamepiga hema, watamngojea hapa hapa.

Mwambie mume wako asije.

Mama yako,
Leonida

Migori, 6 Julai 2025

Mama mpendwa,

Pole sana. Unapata usingizi kweli? Sisi tuko salama, lakini Willis aliposoma barua yako alivaa viatu. Nilisimama mlangoni. "Wananitaka mimi," akasema, "na aliyefungwa ni mama." Tulisukumana mpaka akakaa chini akalia.

Wakili Machuki anasema hawana haki kuingia kwako bila kibali. Amepeleka kesi kortini Homa Bay, lakini itasikizwa mwezi ujao. Jikaze, mama.

Binti yako,
Nyarangi

Kendu Bay, 12 Julai 2025

Nyarangi mwanangu,

Nawasalimu nyote. Presha imepanda kidogo, si sana.

Mwezi ujao ni mbali. Wanacheza karata juu ya kaburi la baba yenu. Nikienda choo, mmoja ananifuata. Kanisani siendi tena, nikitoka wataingia chumbani kwangu. Majirani wanapita wakiangalia chini.

Jana mkubwa wao alikuja na chifu. "Mama, sema tu ulitukaribisha, hiyo kesi ife, tutahamia nje ya boma." Nikamwambia chifu, "Hawa sikuwafungulia. Siwezi kusema uongo ndio nipate kulala." Nilirudi ndani nikafunga mlango.

Tafadhali, usimsomee Willis barua hii.

Mama yako,
Leonida

Kendu Bay, 15 Julai 2025

Mwanangu,

Habari zenu? Mimi leo nimepona kila kitu! Asubuhi wamekunja hema wakaenda, hata kwaheri hawakusema. Simu wameniachia, kioo kimevunjika, haiwaki. Nafikiri chifu alienda kituoni akawaambia wakubwa wao nilivyosema. Nimefagia boma lote, nimeosha kaburi kwa sabuni.

Mwambie Willis arudi nyumbani. Mje wote wawili. Nimekaa peke yangu vya kutosha.

Mama yako,
Leonida

Homa Bay, 18 Julai 2025

Mama,

Sijui nikusalimie vipi. Kaa chini kwanza, umwite jirani akae na wewe.

Barua yako ile ya chifu niliificha chini ya godoro. Willis aliipata. Jumatatu nilipoenda sokoni alitoka, akaniachia ujumbe kwa mwenye nyumba: "Mwambie mke wangu nimeenda kwa polisi, mama apate kupumua." Ndiyo sababu wameondoka kwako.

Machuki na mimi tumemfuata mpaka kituo cha polisi hapa Homa Bay. Wanasema hakuna mtu wa jina hilo aliyekuja. Mwenye bodaboda aliyembeba ameapa alimwona akiingia.

Machuki amerudi kortini. Mimi niko hapa getini. Wamenifukuza mara mbili, nimerudi. Sibanduki mpaka wanionyeshe mume wangu.

Binti yako,
Nyarangi